Senti Kumi Isiyo na Tundu

Mimi sikuzaliwa mtu wa kutulia. Hata kanisani nilikuwa nahesabu vioo vya madirisha wakati wa mahubiri, na mama alikuwa akinifinya mkono bila kuondoa macho yake altareni. Kwa hiyo fikiria mwenyewe kazi ya kuchambua kahawa ilivyonitesa. Miaka michache baada ya Uhuru nilipata kibarua katika kiwanda kimoja mjini Bukoba. Tulikaa wanawake safu mbili, buni zikipita katikati yetu juu ya mkanda, nasi tukitoa mbovu: nyeusi, iliyopasuka, iliyotobolewa na mdudu. Kutwa nzima macho na vidole tu. Kichwa hakikuwa na kazi, na changu kilikuwa kimeshavuka ziwa, kiko Mwanza.

Mwanza kulikuwa na kozi ya taipu. Nilikuwa na barua yao, imeandikwa jina langu bila kosa hata moja, inasema nimepokelewa na kwamba nifike siku ya kufungua nikiwa na ada yote mkononi. Ada pamoja na nauli ya meli ilikuwa kama shilingi mia mbili na kitu. Mimi nilikuwa na thelathini. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa peke yake Izigo na kibanja chake cha migomba na mibuni michache, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwomba. Barua ile niliisoma mpaka mikunjo ikapasuka, nikaishona kwa uzi.

Ndipo akatokea mwalimu mmoja wa Kizungu. Alikuwa akifundisha sekondari, mrefu, kaptura mpaka magotini, na kila Jumamosi alikuja sokoni na kioo cha kukuzia mfukoni. Alikuwa akimwamkia kila mtu shikamoo, hata wasichana wa rika langu, kisha anasema, "Naomba kuona senti zako." Watu walimwita Mzungu wa Senti. Siku moja muuza samaki akamuuliza anatafuta nini hasa kwenye chenji za watu.

"Natafuta makosa," akasema.

"Makosa ya nani?"

"Ya mashine."

Akaeleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, watu wakiwa wamemzunguka. Sarafu zinagongwa na mashine huko mbali, maelfu kwa maelfu, na mara moja moja mashine inateleza: herufi zinatokea mara mbili, picha inakaa upande, au sarafu inapita bila kutobolewa. Kwao kuna watu wanaozitafuta hizo na kuzilipia. Palepale akainunua kwa muuza samaki senti hamsini yenye simba, ambayo maandishi yake yalikuwa na kivuli, akamlipa shilingi tano. Muuza samaki alifunga meza yake mapema siku hiyo.

"Na kubwa kuliko zote ni ipi?" nikauliza mimi. Sikujua kunyamaza.

Akatoa mfukoni senti kumi ya kawaida, ile ya zamani ya shaba, pana, yenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka. Akaziba tundu kwa ncha ya kidole. "Kama hii," akasema, "lakini bila tundu. Nitalipa shilingi mia mbili."

Tangu siku hiyo nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa na jicho la kiwandani, jicho linaloona buni moja mbovu kati ya mia zinazokimbia, na sasa nikalifungulia kwenye pesa. Nikipata shilingi naivunja, nikipata hamsini naivunja. Nilinunua viberiti nisivyovihitaji, karanga nisizozitaka, sindano mpaka nikawa na sindano za kushonea kijiji kizima, yote hiyo nipate chenji. Kiwandani wakati wa chakula niliwaomba wenzangu wafungue mafundo ya kanga zao. "Huyu naye ameshikwa," walisema, lakini walifungua. Nilikuwa nikila kidogo na kulala kidogo. Thelathini yangu ikawa ishirini na mbili.

Nikaipata msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Mama mmoja alikuwa anauza kwa kikombe karibu na stendi. Nikampa senti hamsini, akanirudishia senti kumi tatu, na ya tatu kidole gumba changu kikapita juu yake bila kukwama popote. Sikuitazama. Nilifunga ngumi, nikaondoka, nikaacha na senene wangu, na yule mama akaniita mpaka nikapotea. Nilipofika chumbani kwangu, mtaa wa Bakoba, nikafungua mkono. Pembe zilikuwapo, zimezunguka vizuri, na katikati yake palikuwa laini, pametulia, hapajawahi kuguswa. Nililia, kisha nikacheka, kisha nikapiga magoti nikasali sala zote nilizozijua.

Shida ni kwamba shule zilikuwa zimefungwa na mwalimu alikuwa amesafiri. Mlango wangu wa Bakoba ulikuwa unafungwa kwa msumari uliokunjwa. Nikiwa kazini nilikuwa naiwaza sarafu, nikiwa chumbani nausikiliza mlango. Nikaihamisha kutoka kwenye mto hadi kwenye unga, kutoka kwenye unga hadi kwenye kiatu. Mwisho nikaona mahali salama ni pamoja tu, kwa mama. Jumapili nikapanda basi hadi Izigo, nikapiga magoti kumwamkia mama inavyopasa, nikampa sarafu imefungwa kwenye kitambaa.

"Niwekee hii. Usimpe mtu."

"Ni nini?"

"Senti kumi."

Akanitazama. Mtu amepanda basi kuleta senti kumi. "Basi hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Hapa ndipo ninapotaka kujichapa hadi leo. Nilikuwa na jioni nzima ya kumweleza. Lakini nilimjua mama na wenzake wa jumuiya ya kanisani. Nikasema moyoni kwamba nikimwambia leo, kesho Izigo yote inajua, keshokutwa kila mwenye senti kumi anaigonga iwe bapa ampelekee Mzungu. Na kwa kweli kulikuwa na jingine. Nilitaka iwe yangu peke yangu. Nilitaka nimshangaze kwa kuaga nikiwa na sanduku mkononi. Kwa hiyo nikanywa uji wake, nikamdanganya kwamba kazini ni kuzuri, nikarudi.

Wakati ule fedha mpya za taifa zilikuwa zimeshaingia, zenye samaki na mbuni na sungura, na zile za zamani zilikuwa zinarudishwa benki. Huko Izigo balozi wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango kuwaambia watu watoe sarafu zao za zamani kabla hazijawa vipande vya chuma tu. Akaongeza, sijui aliyatoa wapi, kwamba benki hawachukui sarafu yenye kasoro. Mama alikuwa na senti zake kumikumi amezitunga kwenye kamba ya mgomba, kama kina mama wote wa kwetu walivyofanya na zile zenye tundu, akaning'iniza kamba juu ya kitanda. Siku hiyo akaishusha. Akakumbuka na ile yangu. Akaifungua ili aitunge pamoja na zake, azipeleke zote siku moja, anipunguzie safari. Kamba ikakataa kupita.

Haya ndiyo aliyonieleza siku niliyoifuata, polepole, akidhani nitafurahi. Huku mjini mwalimu alikuwa amerudi, lakini kufunga mizigo tu, maana mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alhamisi nilimkuta sokoni akiagana na watu, nikamvuta pembeni nikamwambia. Akaweka mkono kifuani. "Niletee kabla ya meli ya Jumamosi," akasema. Ijumaa sikwenda kiwandani. Basi liliharibika njiani, nikashuka, nikatembea kipande kilichobaki karibu nikikimbia. Mama alikuwa anapalilia migomba. Sikupiga magoti.

"Mama, ile senti iko wapi?"

Akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka nayo kiganjani huku anatabasamu.

"Waitu, mwana wange, walikupa senti iliyoziba, na wewe hukuona. Benki wangeikataa. Lakini usijali, nimekutengenezea."

Ilikuwa na tundu. Tena tundu zuri, la mviringo, katikati kabisa. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani, mkungu mzima ambao ungeuzwa kwa zaidi ya shilingi, akatembea nao mpaka Kagoma kwa mhunzi mmoja aliyejulikana kwa mkono wake mwepesi. Mhunzi akaitoboa kwa msumari wa chuma, akasugua kingo kwa jiwe zisimkwaruze mtu. Mama alikaa pale akimwelekeza. "Nilimwambia ni ya binti yangu, afanye vizuri," akasema.

Mkungu mzima kwa ajili ya senti kumi yangu. Leo nikiiandika hiyo sentensi ninalazimika kuacha kalamu kwanza. Siku ile sikuona mkungu. Niliona meli. Nikapiga kelele ambazo mtoto wa Kihaya hampigii mzazi wake. Majirani wakaacha majembe wakasimama. Nani alikutuma? Nani alikwambia uguse? Shilingi mia mbili, mama! Ada yangu! Nikamweleza yote sasa, Mzungu, mashine, Mwanza, barua, nikimtupia moja moja. Nikamalizia kwa kusema, "Umeniharibia maisha."

Mama alikuwa bado amekunjua kiganja, sarafu iko juu yake. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilichelewa, kwa sababu alikuwa bado anajaribu kuelewa.

"Ungeniambia," akasema.

Nikaichukua ile sarafu, nikageuka, nikarudi barabarani.

Jumamosi niliipeleka bandarini hata hivyo. Unajua mtu anavyoendelea kutafuta kitu mahali ambapo ameshaangalia. Mwalimu akaigeuza chini ya kioo chake, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Nani ametoboa?"

"Mama."

Akacheka, si kwa ubaya, akasema hii ni hadithi nzuri sana na atanipa shilingi kumi kwa ajili ya hadithi. Shilingi kumi wakati ule haikuwa kitu cha kudharau. Nikamnyang'anya sarafu yangu mkononi, nikamwambia mama yangu hauzwi. Ndiyo, mimi niliyemfokea jana yake mbele ya majirani ndiye niliyekuwa nasema hivyo. Meli ikapiga honi, akapanda, na Jumatatu mimi nikarudi kwenye mkanda. Siku ya kufungua kozi ikapita nikiwa nimekaa palepale, natoa buni zilizotobolewa.

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Mwezi mmoja baadaye mama akaja Bakoba, yeye aliyekuwa hapendi mji hata kidogo. Akakaa kwenye mkeka, akafungua fundo la kanga, akamwaga sarafu saba.

"Nimeziangalia za soko la Kagoma zote," akasema. "Hizi zina kitu."

Moja ilikuwa imepinda. Moja imeliwa na kutu. Moja ina alama ya jino. Nikamwambia hapana, hizi zimeharibiwa na watu, makosa yanayotakiwa ni ya mashine. Akauliza makosa ya mashine yanafananaje. Ningeweza kumfundisha vizuri, lakini nilikuwa na haraka, nina haraka sikuzote, nikamjibu, "Kitu chochote kisichofanana na vingine." Basi. Mtu akizitazama sarafu kwa makini kama alivyozitazama mama, hakuna mbili zinazofanana.

Akaendelea hivyo kwa miaka. Niliolewa, nikazaa, nikaacha kiwanda nikapata kazi ya kuuza katika duka la ushirika. Ulikuwa wakati wa ujamaa. Tulikutana mikutanoni, tukalima shamba la pamoja, na sukari ikija foleni ilianza kabla ya gari kushusha. Mama alikuwa akija dukani, anakaa kwenye gunia mpaka watu wapungue, kisha ananiomba nimfungulie droo. Anazipitia sarafu zote, senti tano kwa senti tano, kwa kidole gumba, midomo ikicheza. Wateja wakaanza kumwita bibi wa senti. Mimi nikaona aibu.

"Mama, acha. Yule Mzungu ameondoka zaidi ya miaka kumi."

"Atakuja mwingine. Hao hawaishi."

Nilikasirika naye kwa kitu kilekile ambacho ningepaswa kukililia. Nilijua kabisa anachokitafuta. Hakutaka pesa, hakuwahi kutaka pesa. Alikuwa anatafuta ada yangu. Alikuwa ameamini kwamba ameniharibia maisha, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia hivyo, na sikuwahi kumwambia vinginevyo. Maneno nilikuwa nayo. Kila akija niliyaandaa: mama, kosa lilikuwa langu, nilikuficha, wewe ungejuaje. Kisha mteja anaingia, au mtoto analia, au mama mwenyewe anasema basi litamwacha, na mimi naona afadhali. Kumwomba mzazi msamaha kunahitaji kukaa chini, na mimi kukaa chini sikukuweza.

Sarafu alizoziacha nilizirudisha kwenye droo. Nyingine nililipia nauli bila hata kuzigeuza. Sijui kama kati ya hizo ilikuwamo yenye kitu kweli. Kwa jinsi alivyokuwa akitafuta, inawezekana.

Alipougua nilikwenda Izigo, nikakaa wiki nzima, wiki ndefu kuliko zote maishani mwangu. Nilifagia palipofagiliwa. Niliteka maji yaliyokuwa yameshatekwa. Akili yake ilikuwa inaingia na kutoka. Mara ananiita kwa jina la dada yake, mara anauliza kama baba amerudi kutoka kuuza kahawa. Alasiri moja akanyoosha mkono kutoka kwenye blanketi, akanipa senti tano, ile ya pembe nyingi yenye samaki.

"Angalia hii."

Safari hii niliangalia. Nilikwenda nayo mlangoni penye mwanga, nikaigeuza huku na huku, nikasoma kila herufi, nikapitisha kidole ukingoni pembe kwa pembe kwa jicho lote nililokuwa nalo. Mashine ilikuwa haijakosea popote. Ilikuwa senti tano safi.

"Ina kitu?" akauliza.

"Ina, mama."

"Nilijua. Nimeishika muda mrefu." Akapumua. "Itatosha Mwanza?"

"Itatosha. Itabaki."

Nikarudi nikakaa karibu naye kwenye mkeka. Nikaona sasa ndiyo sasa. Nikamshika mkono nikamwambia yote, kwamba siku ile alinifanyia wema, kwamba tundu lilikuwa zuri, kwamba mimi ndiye niliyeficha na mimi ndiye niliyetukana. Sikujua kama ananisikia. Nilipomaliza alifumbua macho akanitazama kwa ule ukali wa zamani wa kanisani.

"Sasa mbona bado umekaa?" akasema. "Meli itakuacha."

"Nitakwenda, mama. Ngoja kwanza nikuuguze."

"Nenda!" Akanisukuma kwa mkono usio na nguvu. "Usichelewe, mwanangu. Nenda nikisikia hatua zako."

Nikainuka, kwa sababu hakuondoa macho. Nikapiga magoti, nikamuaga kama mtu anayesafiri, nikatoka. Nilikuwa mama wa watoto watatu na sikuwa na pa kwenda. Nikashika njia ya katikati ya migomba nikitembea kwa kishindo, nikikanyaga majani makavu kwa makusudi, mpaka barabarani, ili huko ndani asikie kwamba nimeondoka.